Rau kuna baridi, mtori na fidla za London

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Moshi, swali la kwanza ni lile lile: "Unakwenda kupanda mlima?" Utadhani Moshi nzima ni mita 5,895 za mawe na theluji, na hakuna mtu anayeishi pale chini, anayefua, anayepika na kudaiwa kodi ya nyumba. Safu hii leo haipandi mlima. Leo tunakwenda Rau.

Rau ni kata ya Manispaa ya Moshi, upande wa juu wa mji. Unashuka stendi, unatafuta daladala ya Rau, na kama una haraka bodaboda wamejaa tele, wenyewe watakuita kabla hujawaita. Barabara inapanda taratibu. Kadiri unavyokwenda, maduka yanapungua na migomba inaongezeka, mpaka unafika mahali huwezi kusema hapa mji umeishia wapi na shamba limeanzia wapi. Huyu ana nyumba ya ghorofa, jirani yake ana kihamba chenye kahawa na mbuzi wawili. Ukiendelea kupanda unaingia Uru, na huko ndiyo unakutana na uchagga wenyewe.

Jina la Rau wengi wanalijua kwa sababu ya mto. Mto Rau unateremka toka mlimani, unapita kando ya mji na kwenda chini kwenye tambarare, ambako maji yake yanalima mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Moshi ya Chini, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980. Halafu kuna Msitu wa Rau, nao uko upande wa chini wa mji. Huo una mivule ya ajabu, miti minene ambayo mkishikana mikono watu kadhaa ndiyo mnauzunguka mmoja, na mbega wanaruka huko juu na mikia yao meupe kama wamevaa shuka za harusi. Siku ukiwa na nafasi, nenda. Ni karibu na mjini na huhitaji viatu vya mlimani.

Lakini mimi sikwenda Rau kwa ajili ya mbega. Nilikwenda kwa shangazi.

BARIDI YA JULAI

Shangazi yangu ana grosari ndogo pale Rau. Meza nne, viti vya plastiki, friji moja, na jiko la nyuma linalotoa mtori ambao ukiunywa asubuhi unasahau umezaliwa na nani. Ukutani kuna televisheni kubwa. Hiyo televisheni ndiyo mfalme wa grosari. Msimu wa mpira ukiwa umepamba moto, siku za mechi hupati pa kuweka mguu.

Sasa Julai ni mwezi mgumu. Kwanza baridi. Wale mnaodhani Moshi ni joto kama Dar, jaribuni kuja mwezi wa saba, usiku, mkiwa mmevaa tisheti. Pili, ligi za Ulaya zimelala. Wateja wanakuja, wanakunywa bia yao moja ya moto, wanaangalia televisheni iliyozimwa, wanaondoka mapema. Shangazi analalamika biashara imedoda.

Hapo ndipo nikatoa wazo langu. Nikamwambia, shangazi, leo usiku kuna muziki laivu toka London, tena bure, hakuna kiingilio. Akauliza, "Ni Bongo Fleva?" Nikasema hapana, ni kwateti ya nyuzi. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho mlima utahamishiwa Tanga.

Basi ngoja nikueleze na wewe msomaji, maana najua unajiuliza hivyo hivyo.

KWAYA YA WATU WANNE

Kwateti ya nyuzi ni kundi la wapigaji wanne. Wawili wanapiga vayolini, ambazo watu wa pwani wanaziita fidla. Mmoja anapiga viola, ambayo ni kama fidla iliyokula ikashiba, sauti yake nzito kidogo. Wa nne anapiga selo, kubwa, inakaa katikati ya magoti, sauti yake ya chini kama ya mzee anayesoma tangazo kanisani. Hakuna ngoma, hakuna spika, hakuna kondakta wa kupunga fimbo.

Kama umewahi kuimba kwaya, na Kilimanjaro nani hajaimba kwaya, tayari umeshaelewa. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wamisionari walifika mlimani huku miaka ya 1890, Wakatoliki huku, Walutheri kule, na kitu kimoja walichoacha pande zote ni kuimba kwa sauti nne kwa kusoma do re mi ubaoni. Kwateti ni hiyo hiyo kwaya, isipokuwa kila sauti ina mtu mmoja tu, na hakuna maneno. Ukikosea hakuna wa kukufunika.

Muziki huu kwa asili haukutungwa kwa ajili ya kumbi kubwa. Ulikuwa wa sebuleni, watu wachache wamekaa, wanasikilizana. Kwa hiyo grosari yenye meza nne, ukifikiria vizuri, si mahali pabaya hata kidogo.

Na hili jambo la kurusha matamasha laivu kwenye intaneti lilishika kasi wakati wa korona. Kumbi zilifungwa mwaka 2020, wanamuziki wakabaki nyumbani. Wigmore Hall, ukumbi wa London uliofunguliwa mwaka 1901, ulianza Juni 2020 kurusha maonyesho kutoka ukumbini ambamo viti vilikuwa vitupu kabisa. Mpigaji anamaliza, anainama, hakuna anayepiga makofi. Korona ilipopungua watu wakarudi vitini, lakini kamera hazikuondolewa. Ndiyo maana leo mtu wa Rau anaweza kukaa na mtori wake akasikiliza kitu ambacho zamani ungehitaji pasi ya kusafiria, viza na koti zito.

Shida ni saa tu. Tamasha la saa moja na nusu jioni kule London, kwetu mwezi wa saba ni saa tatu na nusu usiku. Wakati wa kipupwe chao inakuwa saa nne na nusu.

WALIOFIKA

Saa tatu na nusu nikachomeka laptopu yangu kwenye televisheni ya shangazi. Tulikuwa watu kumi pamoja nami. Wa bodaboda watatu, ambao walikuja kwa sababu ya moto wa jiko. Mzee mmoja tunayemwita Meku, ambaye ujanani alikuwa anasimamia zamu za maji kwenye mfongo kule Uru. Mafundi seremala wawili. Shangazi. Na mama mmoja jirani, muuza ndizi wa soko la Kiboriloni, na binti yake.

Huyu binti ndiye aliyekuwa akilini mwangu tangu mwanzo, sitaficha. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Shuleni kwao, shule moja ya mjini, walikuwa wanafundishwa vayolini baada ya vipindi. Alipiga miaka mitatu. Ukimaliza shule unarudisha sare ya michezo, unarudisha vitabu, na unarudisha vayolini. Si yako. Akairudisha kwenye sanduku lake, akatia sahihi kwenye daftari, akarudi nyumbani na vidole vyenye sugu.

Usidhani ni jambo la ajabu mtoto wa Moshi kupiga vyombo hivi. Moshi ina historia yake. Klarineti, ile filimbi nyeusi ya okestra, inatengenezwa kwa mti wa mpingo, mti wetu huu huu. Marehemu Sebastian Chuwa, mwana wa Kilimanjaro aliyefariki mwaka 2014, alianzisha na Mmarekani James Harris mwaka 1996 mradi wa kupanda mipingo isije ikaisha. Halafu mwaka 2010 wakaja wanamuziki kutoka Marekani wakaanza kuwafundisha wanafunzi wa Moshi kupiga klarineti na papo hapo kupanda mipingo. Mradi huo leo unaitwa Daraja Music Initiative, na vyombo vya nyuzi navyo vikaongezwa. Fikiria, mti unaota kwetu, unakatwa, unakwenda Ulaya na Marekani kuwa klarineti, na miaka mingi mtoto wa hapa hajawahi hata kuishika.

Mama wa binti msimamo wake unajulikana. Anataka mwanaye asome chuo cha hoteli, watalii ni wengi, kazi zipo. "Mwanangu, hilo zeze linaliwa?" ndiyo swali lake, na mimi sina haki ya kumcheka. Anaamka saa kumi alfajiri kupanga mikungu ya ndizi. Mtu wa hivyo akikuuliza kitu kinaliwa au hakiliwi, mjibu kwa heshima.

LAIVU HAISUBIRI MTU

Wakatokea wale wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wakainama, wakakaa. Kimya. Fundi seremala mmoja akasema, "Mbona hawajaribu mitambo?" Akaambiwa hakuna mitambo.

Walianza na kazi ya Joseph Haydn, Mwaustria, ya mwaka 1797. Sehemu ya kwanza ni ya haraka, inachangamka. Wa bodaboda wakaanza kutikisa vichwa. Shangazi akaleta mtori bila kuitwa. Nikaona mambo yanakwenda.

Ghafla picha ikaganda. Mpiga selo kasimama na upinde hewani, mdomo umekaa upande. Bando limekwisha. Jamani, saa moja ya video inaweza kumeza nusu gigi na zaidi, na mimi nilinunua kibando cha kinyonge. Grosari nzima ikageuka kuniangalia.

Tukichelewa, imepita. Laivu haisubiri mtu, huwezi kumwambia Mzungu wa London asimame kwanza unatafuta vocha Rau. Nilipapasa mifuko. Mafundi wakatoa sarafu. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa kimya muda wote, akatoa simu yake mfukoni, akasema, "Unganisha kwangu. Nina bando la wiki." Nikamwambia litaisha. Akasema, "Si limenunuliwa ili litumike?"

Picha ikarudi. Sehemu ya pili ndiyo ilikuwa inaanza.

Sehemu hiyo ni ya polepole. Fidla ya kwanza inaimba wimbo, nyingine tatu zinaisindikiza, na haujafika hata katikati mtu wa bodaboda akaruka. "Aaa! Huu si wimbo wa timu ya Ujerumani? Ule wa Kombe la Dunia!"

Ndiyo wenyewe. Haydn aliutunga kama wimbo wa kumsifu Kaisari Franz wa Austria mwaka 1797, halafu akautia ndani ya kwateti hii. Maneno ya Kijerumani yanayoujua mpira yalitungwa baadaye, mwaka 1841, na Ujerumani ikaufanya wimbo wa taifa mwaka 1922. Meku akatikisa kichwa, akasema babake alikuwa na hadithi za Wajerumani, lakini hakumwambia kwamba walikuwa na muziki mpole namna hii.

Sasa sikiliza kinachofuata. Wimbo ule hauchezwi mara moja ukaisha. Unarudiwa mara nne, ule ule haubadilishwi, kinachobadilika ni nani anao na wenzake wanafanya nini. Mara ya kwanza anapewa fidla ya pili. Viola na selo zinanyamaza kabisa, pinde ziko chini. Fidla ya pili inaimba wimbo, na fidla ya kwanza, yule bosi, anamzungukia juu kwa vinoti vidogo vidogo kama ndege anayemzunguka ng'ombe. Kisha wimbo unashuka kwa selo. Kisha unapanda kwa viola. Mwisho unarudi kwa fidla ya kwanza, na wote wanakusanyika.

Meku alikuwa wa kwanza kusema. "Hawa wanapeana maji," akasema. Watu wakageuka. "Ni zamu. Huyu amefungua wake, wengine wamefunga. Sasa huyu wa chini anafungua. Maji ni yale yale."

Msomaji, kama hujui mfongo, ni mfereji unaochimbwa toka mtoni mlimani, unakwenda shamba kwa shamba. Kila nyumba ina siku yake na saa yake. Ukifungua maji zamu ya mwenzako, ni kesi. Wazee wa Kichagga wameishi hivyo vizazi na vizazi, mifongo ilikuwepo kabla ya Mjerumani kufika. Nimesoma maelezo mengi ya kwateti. Hakuna lililonielewesha kama lile la Meku.

Na mama muuza ndizi akamgeukia binti yake. "Wewe ulikuwa unapiga ipi?"

"Ya pili, mama."

"Ndiyo hiyo iliyoimba peke yake wale wawili wakanyamaza?"

"Ndiyo hiyo."

Mama akanyamaza kidogo. "Nilidhani ya pili ni ya kusindikiza tu," akasema. "Kumbe nayo inapewa zamu."

NI YETU AU YAO?

Wakati wa mapumziko ubishi ukaanza, kama ilivyo desturi ya grosari. Fundi mmoja akasema muziki huu ni wa Wazungu, tusijidanganye. Mwenzake akamuuliza, na taarabu je? Hoja hiyo haina majibu mepesi. Zanzibar wanapiga fidla miaka na miaka. Nadi Ikhwan Safaa walianza mwaka 1905, na mpaka leo ukienda kusikiliza taarabu ya kiasili utaziona fidla zimepangwa mstari, na selo pembeni. Na Wagogo wana zeze lao ambalo hawakuletewa na mtu. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka nalo dunia.

Nikawaongezea habari ya jirani zetu. Justinian Tamusuza, Mganda, aliandika kwateti ya nyuzi yenye jina la Kiganda lenye maana ya "Katika Njia ya Msalaba". Ndani yake amechukua midundo na mapigo ya muziki wa Buganda, akawapa watu wanne wa fidla. Kronos Quartet, kundi maarufu la Marekani, walirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu yao ya mwaka 1992 iliyojaa watunzi wa Afrika. Kwa hiyo haikuwa mtu wa kwetu kuigiza Haydn. Ilikuwa Wamarekani kukaa chini kujifunza Kiganda kwa vidole.

Kenya nako, Korogocho Nairobi, vijana wa Ghetto Classics wanapiga okestra pembeni ya jalala la Dandora. Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangu iliyoanza mwaka 1994. Sasa fundi wangu wa Rau, hapo mwenyewe ni nani?

Akajibu, "Mwenyewe ni mwenye fidla." Na kwa kweli, hapo alinikamata. Maana binti yuko pale, vidole vinajua kazi, na fidla iko kwenye kabati la shule. Intaneti inaweza kukuletea London mpaka mezani, lakini haikupi chombo mkononi. Kuangalia ni bure. Kupiga ndiyo kuna gharama.

Hatukusuluhisha jambo hilo usiku ule. Kipindi cha pili kilianza, watu wakasikiliza, wa bodaboda wawili wakaitwa na abiria. Tulipofunga ilikuwa imekaribia saa sita, ukungu umeshuka, mlima hauonekani kabisa.

Siku ya pili nilimkuta mama jikoni kwa shangazi, analeta ndizi za mtori. Binti alikuwa amemweleza kwamba mwalimu wake wa shule alishasema, wakimhitaji mtu wa kuwasaidia wadogo siku za Jumamosi, anaweza kwenda, na akiwa pale atapewa fidla apige. Alikuwa hajathubutu kumwambia mama. Mama akaniambia hivi, huku anamenya: "Nimemwambia aende. Ila saa kumi jioni awe amerudi, kuna mikungu ya kupanga. Na fomu za chuo cha hoteli atajaza vile vile."

Saa chache kwa wiki, kwenye fidla ya kuazima. Mtu mwingine atasema hiyo ni kitu gani. Mimi nasema zamu ni zamu.

UKITAKA KWENDA

Kwa msomaji anayepanga safari: Rau inakwendeka mwaka mzima, ila Julai na Agosti beba sweta, si utani. Mvua kubwa za Machi hadi Mei njia za ndani zinakuwa tope. Mlima hujionyesha zaidi alfajiri na jioni, mchana hujifunika, kwa hiyo amka mapema. Msitu wa Rau nenda asubuhi, uchukue mtu wa kukuongoza. Mtori kunywa asubuhi, mbege kunywa jioni, usichanganye ratiba. Mzee akikusalimia "Shimbonyi", usikimbie, itikia kwa lugha uliyonayo, atafurahi.

Na kama uko mahali popote ambako kuna televisheni na kiasi fulani cha bando, tafuta hayo matamasha ya laivu, mengi hayana kiingilio. Kaa na watu, usiangalie peke yako na visikilizio masikioni. Nunua bando la kutosha mapema. Ikifika sehemu ya polepole ya Haydn, mwangalie yule wa fidla ya pili.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa Same. Kwa heri kwa sasa.